Maziwa Yaliyolala

Mwanangu Minza,

Umekwenda Kirumba kununua ndoo na chandarua, na mwanao amelala hapa kitandani kwangu, mikono juu kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Nilikaa karibu naye nikikusudia kukunja nguo zake, lakini nimechukua karatasi. Kesho asubuhi utavuka ziwa kwenda Kamanga, na kutoka huko Sengerema, kazini kwako, kwa kuwa likizo yako ya uzazi imekwisha. Tangu Jumapili nimekuwa nikikuomba umwache Kabula kwangu mpaka atakapoanza kutembea. Umekataa kwa heshima, nami nimerudia kukuomba kwa heshima, mpaka heshima yenyewe imeanza kutuchosha sote wawili. Ninaandika kwa sababu kuna jambo ulilopaswa kulijua kabla ya kunijibu, na mimi mwenyewe nimelijua sawasawa wiki iliyopita tu.

Sitakuandikia jinsi ya kuchemsha vyombo, wala maziwa yanakaa nje kwa saa ngapi. Nesi wa kliniki amekueleza, na simu yako inajua kuliko mimi. Hata ile hofu yako kubwa, ya kwamba utakamulia wapi ukiwa shambani kwa watu pamoja na vibarua na vigingi vya mipaka, sina jibu lake. Mpima ardhi hana ofisi. Ofisi yake ni pale anapopima. Sheria inakupa muda wa kunyonyesha, lakini haikupi mlango wenye komeo. Utaupata mlango wako kama nilivyoupata wangu, na huenda ukawa bora au mbaya zaidi. Ninachotaka kukueleza ni yale yaliyotokea baada ya mlango kupatikana.

Wiki iliyopita ulitoa kwenye friji maziwa uliyoyakamua siku iliyotangulia, katika ule mwezi wako wa kujizoeza. Ulifungua kifuniko, ukanusa, ukakunja uso, ukaniita jikoni.

"Mama, hebu nusa. Yana shombo."

Nikanusa. Ulikuwa unangoja nitoe hukumu, kwa maana unajua pua hii ndiyo iliyotulisha miaka mingi. Sikutoa. Niliweka chombo mezani, nikatoka nje, nikasimama kwenye kamba ya nguo kama mtu anayetafuta kibanio, mpaka uliponifuata na kuniuliza kama nimekasirika. Nilikujibu kwamba kichwa kinaniuma. Siku ya pili ulirudi kutoka kliniki umechangamka. Nesi amesema maziwa ya baadhi ya akina mama hubadilika harufu yakikaa kwenye baridi, mafuta yake hujivunja yenyewe, hayana madhara, watoto wengine huyanywa bila tatizo na wengine huchukia ladha yake, na ipo njia ya kuyapasha kidogo mara baada ya kukamua ili yasifike huko. Ulieleza hayo huku unamfunga Kabula mgongoni, kama mtu anayesema kwamba leo mvua itanyesha kidogo. Hukuona sababu ya kunitazama usoni, na nashukuru.

Siku ile hapakuwa na samaki humu ndani, Minza. Tulikuwa tumekula maharage. Harufu ile niliyoinusa jikoni niliinusa mara ya mwisho ulipokuwa mchanga kama Kabula, na miaka yote hii nimeamini kwamba ilitoka kwenye samaki.

Unajua kwamba ulipozaliwa nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, kando ya ziwa. Unajua pia, kwa kuwa nimelisema mara nyingi mbele za watu, kwamba maziwa yangu yalikataa na ndiyo maana ukalelewa Misungwi kwa bibi yako, mzaa baba. Hilo la pili si kweli, ingawa sikukudanganya kwa makusudi. Maziwa hayakukataa. Yalikuwa mengi kiasi cha kunitia aibu.

Nilikuwa nimehitimu Morogoro, sayansi ya chakula, na kazi yangu pale kiwandani ilikuwa kudhibiti ubora. Kulikuwa na maabara, lakini kabla ya maabara kulikuwa na pua. Boti ikileta mzigo, nilifunua mashavu ya samaki, nikainama, nikanusa, nikasema hawa waingie, hawa warudi. Wanaume wenye umri wa baba yangu walinibembeleza, walinikejeli, waliapa kwa vichwa vya watoto wao kwamba samaki wamevuliwa alfajiri ile ile. Sikubadilisha neno. Kanuni ya kazi yetu ilikuwa fupi: chenye shaka hakiliwi. Nilikuwa na umri kama wako wa sasa, na niliipenda kanuni ile kwa sababu haikunidai nijadiliane na mtu.

Niliporudi kutoka likizo ya uzazi, koti langu jeupe lililowa kifuani kabla hata ya chai ya asubuhi. Baba yako alinitafutia pampu kwenye duka la dawa: kikombe cha kioo na mpira mwekundu wa kuminya, mfano wa honi ya baiskeli. Siku za kwanza nilikwenda nayo chooni, nikawa nakamua nimesimama, bega likiwa limeegemea mlango usiofunga. Aliyenitoa huko ni Bi Zuhura, mama mmoja wa pale mjini, wa ukoo wa mafundi cherehani, ambaye alitunza stoo ya makoti na mabuti. Alinishika mkono kwenye korido.

"Mama Minza, huko chooni unamkamulia nani? Mimi hata maji ya kunywa sipiti nayo huko."

Akanifungulia stoo, akapindua kreti iwe kiti, akasema, "Kaa humu. Akija mwanamume nitamwambia nahesabu makoti. Wanaume wanaogopa kuhesabishwa."

Wanawake wa mezani, waliokuwa wakichuna minofu, hawakuchelewa kuligundua jambo lenyewe. Nilipopita na kifurushi changu mmoja alisema pigeni honi, gari la maziwa linapita; mwingine akajibu kwamba gari hilo lina matangi mawili na halilipi ushuru popote. Nilicheka nao. Nikitazama nyuma naona utani ule ulinisaidia kuliko ushauri wowote, kwa sababu baada ya wiki moja hapakuwa na siri ya kulinda. Nilikamua kila siku. Nilitia maziwa kwenye chupa niliyoichemsha, chupa nikaizika kwenye barafu ya kiwandani ndani ya chupa kubwa ya chai yenye mdomo mpana, na jioni nikayaleta nyumbani kama mtu aliyeiba mali yake mwenyewe. Usiku nilikunyonyesha. Kesho yake, nikiwa kazini, Vero alikupa yale yaliyolala kwenye friji.

Vero alikuwa dada aliyetusaidia nyumbani, binti wa Ukerewe, mpole, mwenye mazoea ya kuimba nyimbo za kanisani akifua. Baada ya siku chache alinipokea mlangoni na chupa iliyojaa.

"Dada, Minza hataki. Anatema. Yana shombo."

Nilinusa. Lo, niliijua harufu ile, au nilidhani naijua. Ilikuwa ile ile ya mafuta ya samaki yanayoanza kuharibika, hatua ya kwanza kabisa, ambayo tulifundishwa kwamba mtu wa kawaida haipati ila pua yenye mafunzo. Sikumuuliza mtu. Sikwenda kliniki, kwa maana ningekwenda kuuliza nini, mimi niliyelipwa kwa kujibu swali hilo hilo? Niliyamwaga kwenye sinki, nikafungua bomba, nikatazama weupe unavyokwenda.

Kisha nikaanza kutafuta chanzo, kama nilivyofundishwa. Niliishuku barafu ya kiwandani, nikaiacha, nikawa nachukua barafu kwa jirani. Harufu ikarudi. Nikajishuku mwenyewe. Nikabadilisha sabuni, nikawa naoga kwa limau nikifika nyumbani, nikajiwekea sheria ya kutokugusa mtoto kabla sijaoga na kubadili nguo. Ulikuwa ukisikia sauti yangu mlangoni unaanza kulia, nami nilikuwa bafuni nasugua viwiko, nakusikiliza. Hilo ndilo linalonirudia mara nyingi kuliko mengine yote, na sijui kwa nini, kwa sababu si kubwa kuliko mengine. Harufu ikarudi. Basi akabaki Vero.

Nilimsimamisha mbele ya sinki akaosha chupa huku namtazama. Aliosha vizuri sana. Kesho yake maziwa yakanuka tena, na mimi nikahitimisha kwamba anaosha vizuri ninapomtazama tu. Unaona jinsi akili iliyosoma inavyoweza kujijengea ukuta? Kila jambo lililopaswa kumtetea lilikuwa linamtia hatiani. Alinijibu mara moja tu, akiwa ameinamisha macho.

"Mimi naosha, Dada. Sisemi vibaya, lakini labda ni maziwa yenyewe."

Alikuwa anakisia tu, kama mimi; tofauti ni kwamba kisio lake lilikuwa sahihi na mamlaka yalikuwa yangu. Nililisikia kama tusi. Jumamosi ile nilimpeleka kupanda meli ya Nansio, arudi kwao. Hakulia. Wewe ulilia, umeshika kitambaa chake cha kichwa, ikabidi nifungue vidole vyako kimoja kimoja. Sasa ninamuulizia kwa akina mama wanaoleta dagaa kutoka huko, lakini nina jina moja tu na uso wa msichana ambaye leo ni mama wa watu wazima. Sitegemei sana.

Aliyemfuata Vero alikaa muda mfupi, na harufu haikujali kwamba mtu amebadilika. Wakati huo ulikuwa umepungua. Hukuwa umekonda kwa kutisha, lakini mstari wa uzito kwenye kadi yako ya kliniki ulikuwa umeanza kushuka, na majirani walikuwa na maneno yao. Unayajua maneno ya watu mtoto akipungua: kwamba wazazi hawakutunza mwiko wa kutolala pamoja mtoto akiwa ananyonya, kwamba mtoto amebemendwa. Baba yako aliyasikia kwenye kituo cha maji, akaja nyumbani akawa hasemi. Ndipo bibi yako akaja kutoka Misungwi.

Alikaa siku nzima akitazama. Aliniona nikirudi na kifurushi changu, akanitazama nikinusa na kumwaga. Jioni, tukiwa tunachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Kwetu ng'ombe akikamuliwa, ndama huwa amesimama pembeni. Wewe wako anasimama wapi, mwanangu?"

Nilikasirika sana. Nilimsikia akiniita ng'ombe, mimi mwenye shahada yangu. Leo sina hakika tena alimaanisha nini. Pengine alinikejeli. Pengine alikuwa anauliza swali, na jibu halikuwepo, kwa sababu kiwanda hakikuwa na mahali pa ndama kusimama. Yeye pia aliamini jambo lisilo kweli: alisema maziwa yakilala nje ya mama huwa yamekwisha kufa na hayamfai mtoto. Kwa hiyo tulikubaliana sote wawili, msomi na mfugaji, kila mmoja kwa njia yake, kwamba kile kilichokuwa kwenye chupa kilikuwa kibovu. Hapakuwa na mtu wa kutubishia. Baba yako aliuliza tufanyeje, naye bibi yako akajibu kwamba kwake kuna ng'ombe, kuna uji, kuna jua, kuna mikono. Hoja zake zilikuwa nzuri. Ulikuwa na miezi mitano ulipoondoka ukiwa mgongoni kwake, umegeuza kichwa kututazama.

Nitakueleza jambo ambalo sijamweleza mtu. Baada ya wewe kuondoka niliendelea kwenda stoo kwa Bi Zuhura kwa muda uleule wa kila siku, kwa sababu mwili ulikuwa haujaambiwa. Alikaa mlangoni kama kawaida. Alikuwa ameona kwamba siku hizo sikuja na chupa. Hakuniuliza. Alichukua taulo kutoka kwenye rafu, akanipa bila kunitazama, akasema, "Kamulia humu. Kidogo tu, upunguze maumivu, usimalize. Yatakauka yenyewe." Siku hiyo wanawake wa mezani walinyamaza nilipopita. Nilitamani wapige honi yao.

Ulinenepa Misungwi. Lazima niseme hivyo wazi, kwa sababu barua kama hii ina hatari ya kukufanya uone kwamba uliharibikiwa, na hukuharibikiwa. Marehemu bibi yako alikupenda kwa upendo ambao sina mashaka nao hata kidogo. Ulijua majina ya ng'ombe wote kabla hujajua majina ya shangazi zako. Nilikuja kila mwisho wa wiki nilipopata nafasi, kisha kila mwisho wa mwezi, kisha nilipoweza. Mwanzoni ulinikimbilia. Baadaye ulisimama nyuma ya kitenge cha bibi yako ukanichungulia.

Nilipokuja kukuchukua ulikuwa unakaribia miaka mitatu. Bibi yako alikuambia umsalimie mama. Ulikuja katikati ya uwanja, ukapiga magoti kwa adabu kamili kama ulivyofundishwa kuwafanyia wageni, ukasema shikamoo. Nikaitika marahaba. Ndilo jibu lake. Kisha ukarudi kwa bibi yako, ukamwuliza kwa Kisukuma, kwa sauti uliyodhani ni ya chini, huyu mgeni ataondoka lini. Bibi yako akacheka, halafu akaacha kucheka, akakubeba, akaingia nawe ndani. Nilisikia akikuambia jambo ambalo sikulielewa lote, maana alilisema haraka na kwa sauti ya kulia.

Umewahi kuniuliza kwa nini hunikumbuki kabla ya nyumba ya Nyegezi, nilikokuleta kutoka Misungwi. Nilikujibu kwamba watoto hawakumbuki.

Nimeacha kuandika kidogo kwa sababu Kabula ameamka. Umeacha maziwa yake kwenye friji, na nilikuwa nimeshayapasha kwenye bakuli la maji ya moto kabla sijafikiri. Harufu ilikuwepo, hafifu lakini ipo, kwa kuwa haya ni ya jana uliyosahau kuyafanyia ile njia ya nesi. Mkono wangu ulikwenda kwenye sinki, Minza, nakuapia. Ulikwenda wenyewe. Kisha nikaketi na kikombe kile kidogo nikamgusisha mdomoni. Alikunja uso wake wote, kama wewe jikoni siku ile. Akatulia, akalamba, akanywa. Alipomaliza alinitazama kana kwamba nimechelewa kuleta.

Nimekaa naye mapajani nikijaribu kuijua maana yake. Je, na wewe ungekunywa kama ningekupa mara ya pili, yakiwa ya moto, kwa kikombe, kwa subira, na pasipo uso wangu wa hukumu juu yako? Sijui. Nesi alisema wengine hukataa kabisa, na Vero alisema ulitema. Huenda mambo yangekwenda vilevile. Ningependa kukuandikia kwamba kosa moja dogo la pua lilitugharimu miaka miwili na zaidi, kwa maana hadithi ya namna hiyo ina umbo zuri na inanipa angalau mkosaji ninayemfahamu. Lakini si hakika. Kulikuwa na kiwanda, kulikuwa na mstari wa kadi ulioshuka, kulikuwa na maneno ya kituo cha maji, kulikuwa na baba yako aliyenyamaza. Nililo na hakika nalo ni dogo zaidi: kwamba sikumuuliza mtu yeyote, na kwamba nilipokosa jibu nilitafuta wa kumlaumu, na nilipokosa wa kumlaumu nilikubali uondoke.

Sasa nirudi kwenye ombi langu. Sababu nilizokupa tangu Jumapili zote ni za kweli. Unashinda mashambani juu ya pikipiki. Nyumba yenu ni vyumba viwili, mume wako yuko Kahama na huja mwisho wa wiki tu, dada wa kukusaidia humjui vizuri. Mimi nimestaafu, nina friji, nina muda, kliniki iko jirani. Kila nikizipanga naona ni sababu nzuri, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa kuwa zile za bibi yako zilikuwa nzuri vilevile. Juzi uliniambia, "Mama, kwa Bibi nilikula nikashiba. Sikatai. Ila Kabula nitaondoka naye." Nilidhani unanilaumu. Nimeyarudia maneno yako mara nyingi leo mchana, na siioni lawama ndani yake. Ulikuwa unaniambia tu umeamua.

Na kuna sababu moja ambayo sikukupa, kwa sababu sikuwa naijua mpaka nilipoanza kuandika. Ninapomwona Kabula akinigeukia kila nikisema, huwa nahisi nimepewa tena kitu kilichonipita. Si haki yake kubeba hilo. Yeye hakunipita, ndiyo kwanza amefika. Sijui ni kiasi gani cha ombi langu kilikuwa msaada kwako, na ni kiasi gani kilikuwa njaa yangu mwenyewe iliyovaa nguo za msaada. Mwanamke mwenye kupima kila kitu angeweza kukuambia kwa asilimia. Mimi siwezi.

Basi, nenda naye.

Ulipokuwa umetoka nilimpigia simu mume wako. Unajua adabu yetu: mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, na hata simu huwa hatupigiani bila msiba au harusi. Alipoona jina langu nadhani alisimama. Nilisikia kiti kikianguka. Akanipa shikamoo, nikaitika, kila mmoja akimwogopa mwenzake kwa heshima. Hatimaye nikamwuliza: ikiwa Minza ataona kazi na mtoto vimemlemea, na akaniita, je, naweza kuja Sengerema, nikapanga chumba hapo jirani, ili mtoto abaki pale mama yake anapolala?

"Mama, kupanga kwa nini na nyumba ipo?" akasema.

"Baba, tusifike huko."

Akacheka kidogo, akaomba radhi kwa kucheka. Kisha akasema ataulizia chumba kwa mwenye nyumba wao, pasipo haraka. "Lakini Mama, naomba uniwie radhi. Aite Minza mwenyewe."

Nikamwambia amesema kweli. Nimefurahi umeolewa na mtu anayeweza kuniambia hivyo. Kwa hiyo sijakuandikia kwamba nakuja. Sitakuja kukuchungulia, wala sitapiga simu kila jioni kuuliza amekunywa kiasi gani. Huenda hutaniita kabisa, na huenda hiyo ndiyo itakuwa habari njema, ingawa nitahitaji muda kuipokea kama habari njema. Ukiniita, nitakuja na kufanya kama utakavyonielekeza, hata pale nitakapodhani najua zaidi. Hasa pale.

Kuna siku maziwa yatapungua, au utarudi jioni umechoka na chupa tupu, au atakataa, na hutajua kwa nini. Sikupi kanuni. Nakuomba tu umuulize mtu kabla hujaamua. Uulize hata yule unayedhani hana jibu. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usikimbilie kutafuta ni nani alikuwa kwenye sinki.

Nasikia geti. Nadhani ni wewe na ndoo zako, unamwambia bodaboda asizigonge. Nitaikunja barua hii niitie kwenye mfuko wa nepi, uisome ukiwa umefika.

Kesho asubuhi sitakuomba tena. Utakapoinama kufunga viatu vyako nitamshika Kabula, na ukiinuka nitakurudishia.

Mama yako